Usadikifu na Melodrama katika Tamthilia za Uhalifu wa Kifamilia za Televisheni ya Kenya

Wahakiki wengi wamezoea kuitumia istilahi "melodrama" kama lawama. Hoja yao ni kwamba tamthilia ya uhalifu inayotegemea pacha, wosia uliofichwa au sadfa ya mkutano haiwezi kusadikika. Makala haya yanaupinga msimamo huo kwa kuifuatilia, kwa ufupi, historia ya utanzu wenyewe nchini Kenya.

Televisheni ilipoanza nchini mwaka 1962, kisa cha uhalifu kilikwisha kuwa na makao katika Kiswahili. Muhammad Said Abdulla alikuwa amechapisha Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na humo Bwana Msa huufikia ukweli kwa kuzipima dalili moja baada ya nyingine. Vioja Mahakamani, iliyoanza enzi za Sauti ya Kenya, iliuendeleza msingi huo kwa vichekesho: uhalifu hausadikiki mpaka usemwe kizimbani, mashahidi wahojiwe, hakimu aamue.

Baadaye kamera ilihamia sebuleni. Tausi, iliyorushwa na KBC katika miaka ya 1990, iliizoesha hadhira kuitazama familia kama uwanja wa migogoro. Crime and Justice (2021) ilirejea kwa wapelelezi na mahakama, ilhali Igiza (2022) ilichukua njia nyingine: Serah Ndanu anaigiza pacha wawili, Linda na Nicole, na msuko unasimama juu ya mmoja kuitwaa nafasi ya mwenzake. Hapa kosa la jinai ni pia usaliti wa damu.

Je, hayo hayasadikiki? Aristotle alikwisha kueleza kuwa katika sanaa lisilowezekana lakini lenye kushawishi ni bora kuliko linalowezekana lisiloshawishi. Naye Peter Brooks, mwaka 1976, aliiona melodrama kama juhudi ya kuyafichua mapambano ya wema na uovu yaliyojificha katika maisha ya kila siku. Swali, basi, ni nini kinachoishawishi hadhira fulani.

Tuchukue Kitale. Trans Nzoia ilikuwa nchi ya walowezi. Baada ya uhuru, ardhi yake iligawanywa kupitia mipango ya makazi na kampuni za kununua mashamba. Sheria ya Urithi ilianza kutumika mwaka 1981, lakini sheria haikuondoa ugomvi wa warithi. Katika mazingira hayo, kama ilivyo Bungoma jirani, ndugu kumzunguka ndugu kwa ajili ya hatimiliki si chuku. Mkazi wa Kipsongo, mtaa wa mabanda wenye Waturkana wengi na ambamo kumiliki kiwanja ni ndoto, hahitaji kushawishiwa kwamba mali huvunja udugu. Linaloweza kumtatiza ni mwisho: polisi wafikao kwa simu moja, ushahidi ujileteao wenyewe, na haki ipatikanayo bila gharama wala kuahirishwa kwa kesi.

Kwa hiyo kasoro ya tamthilia hizi haimo katika wingi wa machozi wala sadfa. Imo katika wepesi wa suluhisho. Vioja Mahakamani, pamoja na mzaha wake wote, ilitambua kwamba kusadikiwa ni jambo la kupiganiwa, na kwamba mnyonge hupigana zaidi. Tamthilia ya kifamilia itakayolisahau hilo itawaliza watazamaji wake, lakini haitawasadikisha.