Kabla hujatoa hela ya kiwanja Karatu: jinsi ya kujua mwenye ardhi ni nani

Tangu lami ya kutoka Makuyuni ifike geti la Ngorongoro mwanzoni mwa miaka ya 2000, Karatu kila mtu amekuwa dalali. Unakunywa chai yako stendi, mtu anakufuata: "robo eka, barabarani kabisa, karatasi zote zipo". Sasa hizo karatasi ndiyo ishu yenyewe...

Usianze na bei. Uliza kwanza ni ardhi ya aina gani. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zinagawa ardhi mafungu matatu: ya jumla, ya kijiji na ya hifadhi. Kila fungu lina mahali pake pa kuulizia. Ukienda kusikohusika utaambiwa "haipo hapa", na wewe utadhani haina mwenyewe.

Kwa kiwanja kilichopimwa mjini, chukua namba ya kiwanja na kitalu (bloku), nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri. Wana mchoro wa mipango miji. Kama mchoro unaonyesha hapo ni barabara au eneo la shule, achana nacho. Baada ya hapo omba upekuzi kwa Msajili wa Hati, wenyewe mjini wanaita sachi. Zamani ilikuwa safari ya Moshi kwenye ofisi ya kanda, siku hizi ofisi ya mkoa iko Arusha. Unaandika maombi, unalipa ada, unajibiwa kwa maandishi: jina la mmiliki, miaka ya hati, matumizi, rehani ya benki kama ipo, na zuio kama lipo. Kwenye zuio tulia kidogo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamruhusu mke au mume kuweka zuio kwenye nyumba ya ndoa, kwa hiyo bwana anaweza kukuuzia kwa tabasamu kumbe mama hajui kitu.

Usikubali fotokopi ya upekuzi alioufanya muuzaji mwaka jana. Fanya wako, wiki hiyohiyo ya kulipa. Na kama ana ofa tu, yaani barua ya toleo, kwa Msajili hutakuta hati. Rudi kwenye faili la halmashauri.

Vijijini (Rhotia, Mbulumbulu, Mang'ola, Endabash) mambo ni tofauti. Daftari la ardhi linatunzwa na mtendaji kwenye masjala ya kijiji, na humo ndimo hati za hakimiliki ya kimila zinaandikwa. Lakini wengi hawana hati, na bado ni wamiliki halali maana sheria inatambua mila hata bila karatasi. Kwa hiyo hapo unapekua watu: majirani wa pande zote nne, wazee, mjane, watoto. Shamba la ukoo linauzwa na kijana aliyebaki nyumbani, kaka zake wako Arusha au Mererani. Wakirudi Krismasi ni kesi hiyo! Na tangu 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, anayeamua ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mhuri wa mwenyekiti peke yake hautoshi. Omba kuona muhtasari wa kikao cha halmashauri ya kijiji kilichoridhia.

Angalieni pia mashamba makubwa ya kahawa kule Oldeani. Yalianzia kwa walowezi, na hati za umilele za mkoloni ziligeuzwa kuwa za muda mwaka 1963. Yamepakana na vijiji lakini kumbukumbu zake ziko kwa Msajili, siyo kwa mtendaji. Ukikatiwa eka pembeni mwa estate, pekua pande zote mbili.

Sasa Ngorongoro. Ndani ya hifadhi iliyoanzishwa 1959 msimamizi ni Mamlaka ya Hifadhi. Wafugaji wanaishi humo, ila soko la viwanja hakuna, kwa hiyo "ploti ya kuangalia kreta" ni utapeli mtupu. Usichanganye hifadhi na wilaya: Loliondo na Sale kuna ardhi ya vijiji. Hata huko, Juni 2022 serikali iliweka vigingi kwenye kilomita za mraba 1,500 za Loliondo, wanavijiji wakapinga. Kwa hiyo huko, kabla ya kuuliza jina la mwenye shamba, uliza kigingi kiko wapi.