Msimbo, Dhamana na Matunzo: Historia Fupi ya Alama Zinazosomwa kwa Mashine

Vibandiko vidogo vyenye mistari myeusi au miraba ya nukta hubandikwa juu ya mashine za hospitali, kompyuta za ofisini na zana za karakana, ili ijulikane kila chombo kipo wapi, kimo mikononi mwa nani, na lini kilitazamwa na fundi. Maneno yanayoandamana na kazi hiyo huwafikia wafasiri kwa wingi, na mara nyingi hutafsiriwa kwa haraka. Katika makala haya twakusudia kueleza kwa ufupi historia ya alama hizo, kisha tuonyeshe jinsi inavyoweza kutuongoza katika kuchagua istilahi.

Asili ya alama hizi ni Marekani. Mwaka 1949 Norman Joseph Woodland na Bernard Silver waliomba hataza ya njia ya kutambua bidhaa kwa mistari, nao wakapewa mwaka 1952. Woodland alikuwa akijua alama za simu za Morse tangu ujana wake. Siku moja akiwa ufukoni Florida aliziandika nukta na vistari mchangani, kisha akavivuta kwa vidole hadi vikawa mistari mirefu, mipana na myembamba. Hata hivyo, wazo hilo lilitangulia vyombo vya kulitimiza, kwa maana leza haikuwapo na kompyuta zilikuwa ghali mno. Ilikuwa tarehe 26 Juni 1974, katika duka moja la mji wa Troy, jimbo la Ohio, ndipo pakiti ya chingamu ilipopitishwa mbele ya mashine ya kusomea na bei yake ikaonekana.

Lakini bidhaa ya dukani husomwa mara moja tu ikauzwa, ilhali chombo cha kazi hukaa miaka mingi, hupita mikono mingi, na huchakaa. Tofauti hii ilijitokeza mapema katika reli za Marekani. Mwaka 1967 chama cha mashirika ya reli ya huko kilikubali mfumo ulioitwa KarTrak, ambao kwao kila behewa lilibandikwa mistari ya rangi ubavuni, na mashine zilizosimamishwa kando ya njia zikawa zinaisoma treni ipitapo. Nia ilikuwa njema, maana mabehewa ya shirika moja yalikuwa yakitangatanga katika njia za mashirika mengine na kumbukumbu zake hazikuaminika. Kwa bahati mbaya vibandiko vilipata vumbi, matope na mikwaruzo, wala havikusafishwa ipasavyo. Ikafika hali ya takriban kibandiko kimoja katika kila vitano kutosomeka, na mwishoni mwa miaka ya 1970 mfumo ukaachwa. Alama iliyowekwa ili kulinda mali ilikosa yenyewe mtu wa kuilinda.

Hatua iliyofuata ilitoka jeshini. Mwaka 1981 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitaka bidhaa zinazouzwa kwa majeshi zitiwe alama ya Code 39, iliyobuniwa mwaka 1974. Alama ya madukani ilibeba tarakimu peke yake, bali hii ilibeba na herufi pia, jambo la lazima kwa vifaa ambavyo namba zake huchanganya herufi na tarakimu. Kisha mwaka 1994, katika kampuni ya Denso huko Japani, Masahiro Hara na wenzake walitoa msimbo wa QR kwa ajili ya kufuatia vipuri vya magari. Msimbo huo huhifadhi habari kwa mapana na kwa marefu, nao huweza kusomeka hata sehemu yake ipatayo asilimia 30 ikichafuka au kuharibika. Hivyo tatizo la uchafu lililoangusha mfumo wa reli lilipata dawa, japo si dawa ya uzembe.

Sasa na tuje kwenye istilahi. Kwa alama yenyewe, neno msimbo limekwisha kuzoeleka, na msimbopau hufaa kwa alama ya mistari. Kwa tendo, wengine husema kuskani na wengine kutambaza. Kutambaza hueleza vizuri mwanga unaopitishwa juu ya mistari. Lakini simu ya mkononi huipiga picha alama yote kwa mara moja. Kwa maelekezo ya kazi twaona soma msimbo yatosha, na kila mtu ataelewa.

Ugumu hasa uko kwenye maneno mawili. La kwanza ni la kukaa na chombo na kukijibia. Tumeona fomu zinazomwita mtu huyo mmiliki. Hilo ni kosa, na ni kosa la hatari, kwani dereva hamiliki gari la umma wala muuguzi hamiliki mashine ya wodi. Chombo kimo katika dhamana yake, naye amekipokea kwa makabidhiano. Atiaye sahihi chini ya neno mmiliki huenda asijue kwamba atadaiwa kitakapopotea. Au, vibaya zaidi, huenda akaamini kwamba hadaiwi.

La pili ni matengenezo. Wengi hulielewa neno hili kuwa ni kazi ya kutengeneza kilichoharibika. Lakini fundi apakaye grisi na kubadili chujio kwa wakati hutangulia kuharibika. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Twapendekeza kuziba ufa kuitwe matunzo, na kujenga ukuta kuitwe matengenezo. Pasipo mpaka huo, safu ya matengenezo katika daftari itabaki tupu mpaka siku mashine itakapozima, na msomaji ataidhania tupu hiyo kuwa ni dalili ya uzima.

Msimbo hutaja chombo tu. Hautunzi wala haujibu. Anayejibu ni mtu, na mtu huongozwa na neno aliloandikiwa. Kwa sababu hiyo twawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wazipime fomu walizo nazo kwa maneno haya matatu: dhamana, matunzo, matengenezo, na penye kasoro wasisite kusahihisha.