Kuchanganya Dawa kwa Vijana Wenye Sonona Wanaojijeruhi

Kumwongezea kijana mwenye sonona dawa ya pili juu ya ile anayoitumia ni tiba ambayo ushahidi wake ni haba kuliko wengi wadhanivyo, na ambayo yataka hadhari kubwa mgonjwa anapojijeruhi. Ada ya matabibu ni kuanza na dawa moja, aghalabu fluoksetini, pamoja na tiba ya mazungumzo. Na kwa kuwa mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru dawa za sonona zibandikwe onyo kwamba huweza kuzidisha fikira za kujiua kwa baadhi ya vijana, uangalizi wa karibu, hasa majuma ya mwanzo, ni faradhi. Katika utafiti wa Marekani uitwao TORDIA, uliochapishwa mwaka 2008, vijana 334 ambao dawa ya kwanza haikuwafaa walibadilishiwa dawa: kati ya walioongezewa tiba ya mazungumzo takriban asilimia 55 walipata nafuu, na kati ya wasioongezewa asilimia 41. Wachache kati yao waliopewa benzodiazepini, dawa za kutuliza wasiwasi, kama nyongeza walionekana kujijeruhi zaidi, na ingawa uhaba wao wazuia hukumu ya kukata, ni dhuluma kwa kijana kuipuuza ishara hiyo. Nyongeza ya litiamu, iliyozoeleka kwa watu wazima, haijathibitishwa vya kutosha kwa vijana. Nayo hudai vipimo vya damu mara kwa mara; na kwa kijana anayejijeruhi, dawa zote zihifadhiwe na mzazi.