Hatukukimbia Mvua Ndogo

Hapa Dar es Salaam, mtoto akitumwa chumvi au kibiriti haambiwi nenda dukani. Huambiwa nenda kwa Mpemba. Na mteja akishasimama mbele ya meza, akaona bidhaa zilivyopangwa na hesabu inavyopigwa kichwani bila ya kalamu, haondoki mpaka aseme: "Nyie Wapemba biashara mmezaliwa nayo, ati." Anasema kwa kusifu. Mie sifa hiyo hunichoma, maana inaifuta historia yetu kwa sentensi moja. Sikuzaliwa dukani. Nilizaliwa mwaka 1983 chini ya mikarafuu, katika kijiji kisicho mbali na Mtambile, kusini ya Pemba, na katika ukoo wetu wakati ule hapakuwa na mtu aliyewahi kuuza hata sindano.

Hebu tuanze na mti wenyewe. Mkarafuu si mti wa asili kwetu. Asili yake ni visiwa vya Maluku, ambavyo leo ni sehemu ya Indonesia. Wafaransa waliitorosha miche yake mnamo 1770 wakaipeleka Mauritius, na mwanzoni mwa karne ya 19 ikafika Unguja. Chini ya Sayyid Said bin Sultan mashamba yakatanuka, na mikono iliyoyalima ilikuwa ya watumwa. Hilo lazima lisemwe, kwani harufu nzuri ya karafuu imewasahaulisha wengi. Siku hizo Unguja ndiyo iliyokuwa na jina. Kilichogeuza mambo ni kimbunga cha Aprili 1872: kiliing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa. Tangu hapo, karafuu za Zanzibar zilizo nyingi zimekuwa zikitoka Pemba. Hata baada ya utumwa kufutwa kisheria mwaka 1897, wenyeji wengi wa Pemba waliendelea kupanda mikarafuu yao, mmoja kumi, mwengine ishirini. Ndivyo babu yangu alivyorithi yake.

Mkarafuu ni mti wa subira. Huupandi leo ukachuma kesho. Husubiri miaka sita hadi minane kabla ya kuzaa, lakini ukishashika huweza kuishi umri wa mtu na zaidi. Kwa hiyo mtu hupanda kwa ajili ya wajukuu zake. Kwetu msimu ukifika hakuna mtoto aliyekuwa hana kazi. Wanaume na vijana wakipanda juu na ngoe za kuvutia matawi, kwa hadhari, kwani tawi la mkarafuu huvunjika bila ya kutoa taarifa. Siye wadogo na kina mama tukikaa chini usiku, kandili katikati, tukichambua: karafuu huku, makonyo kule. Asubuhi zinaanikwa kwenye majamvi, na hapo kazi huwa ni kutazama mbingu. Wingu likitokea tu, utasikia kijiji kizima kinapiga kelele, "Anueni, anueni!" Karafuu ikinyeshewa huharibika rangi, na rangi ndiyo bei. Kilo tatu mbichi zikikauka hubaki kama kilo moja. Hesabu hiyo niliijua kabla sijaijua ile ya skuli.

Lakini mie nilizaliwa wakati mbaya. Babu alikuwa akisimulia miaka ya 1970, karafuu ilipokuwa dhahabu. Mnunuzi mkubwa alikuwa Indonesia, ambako karafuu huchanganywa na tumbaku kutengeneza sigara za kretek. Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, lililoanzishwa mwaka 1968, ndilo lililonunua kwa wakulima na kuuza nje. Bei ya dunia ilipopanda, mkulima alipata sehemu ndogo tu; kubwa ilikwenda Serikalini. Ndiyo maana watu walivusha karafuu usiku kwa mashua kwenda Kenya, na ndiyo maana adhabu ya magendo ilikuwa kali. Hata hivyo, babu akisema, sehemu ile ndogo ilitosha kuezeka nyumba kwa mabati na kuoza mtoto.

Kisha Indonesia ikapanda mikarafuu yake kwa wingi. Ilipofika miaka ya 1980 ilikuwa inakaribia kujitosheleza, na bei ya dunia ikaporomoka. Tazama, msomaji, mzunguko ulivyo: mti ulitoroshwa kutoka visiwa vile, ukatulisha siye zaidi ya karne moja, halafu visiwa vile vile vikaturudishia njaa. Hakuna mtu Mtambile aliyeshauriwa. Siye tuliona tu kwamba pesa za kilo hazikutosha kumlipa mchumaji. Mashamba yakaota magugu. Jirani mmoja akaanza kukata mikarafuu kwa kuni. Babu hakukata hata mmoja. Baba alipomshauri, alimjibu, "Mti huu sikuupanda mie, na mie siukati." Baba akanyamaza. Mwaka uliofuata akapanda meli Mkoani, akaja Dar es Salaam.

Kwa nini Dar, na kwa nini biashara? Hapa historia inahitaji kusomwa kwa makini. Miaka ile ile ambayo karafuu ilikufa ndiyo miaka ambayo nchi ilianza kufungua milango ya biashara. Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Rais wa Muungano kuanzia 1985 hadi 1995, watu walimwita Mzee Ruksa si bure. Mlango mmoja ulifungwa Pemba, mwengine ukafunguliwa Kariakoo. Aliyetangulia alimvuta nduguye, ndugu akamvuta jirani. Kisha ikaja siasa. Katika uchaguzi wa 1995, wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi ya 1964, viti vyote 21 vya Pemba vilikwenda upinzani, na miaka iliyofuata ikawa ya uhasama. Januari 2001 watu waliuawa katika maandamano, na wengine zaidi ya elfu mbili wakakimbilia Shimoni, Kenya. Mie niliondoka mwaka ule. Ami yangu alinipokea Kariakoo, akanipa kona ya kuuza soksi, akanambia, "Mwanangu, hapa usingizi ni mtaji. Ukilala, umekula mtaji."

Kuna msemo kwamba Mpemba hakimbii mvua ndogo. Ni kweli. Lakini iliyotunyeshea haikuwa ndogo.

Na si siye peke yetu. Duka lile lile ambalo mtaa huu huliita kwa Mpemba, mtaa wa pili huliita kwa Mangi, kwa maana ya Mchaga. Naye mteja humwambia kazaliwa nayo. Nani humuuliza habari za vihamba vya Kilimanjaro, vilivyogawanywa na kugawanywa mpaka haviwezi tena kumgawia kila mtoto? Au habari za kahawa, ambayo bei yake ilianguka mwaka 1989 baada ya mkataba wa kimataifa wa mgao kuvunjika? Ukichunguza utakuta nyuma ya meza nyingi za duka upo mti mmoja ulioshindwa kulisha watoto.

Sisemi haya kwa kulia. Pemba imebadilika. Tangu 2010 umeme unatoka Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari, na mwaka 2011 bei ya karafuu ilipandishwa sana, watu wakaanza kuota miche upya. Mwaka huo huo, Septemba, meli ya Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kuja Pemba, na mamia ya watu wakafa. Wengi wetu tulimjua aliyekuwemo. Kwenda na kurudi kwetu kuna gharama ambayo haimo kwenye daftari la duka.

Mikarafuu ya babu ipo. Kila msimu tunachangishana nauli, tunarudi wawili watatu kuchuma, na wanangu, waliozaliwa Ilala, nimewafundisha kuchambua. Wanachoka upesi, wanalalamika mikono inanuka. Sawa. Sitaki wawe wakulima, wala sitaki lazima wawe wenye maduka. Nataka siku mteja atakapowaambia wamezaliwa na biashara, waweze kumjibu kwa miaka na kwa sababu.