Kupiga Windo: Nani Aliwahi Kuilipia?

Mwaka 2003 nilipeleka kompyuta yangu ya mtumba kwa fundi mmoja wa Mwanjelwa, hapa Mbeya. Alifungua droo, akatoa sidii nyeupe iliyoandikwa "XP" kwa kalamu ya wino mzito, na chini yake ufunguo mrefu wa herufi na tarakimu 25. Nikamlipa shilingi 5,000, nikaondoka nimefurahi. Kazi ile iliitwa "kupiga windo", kana kwamba ni kupiga pasi au kupiga rangi, na hadi leo vijana wa Mbeya na Iringa wanaiita hivyo hivyo. Ndani ya msemo huo halimo kabisa wazo la kununua mali ya mtu.

Hebu tupige hesabu ya siku zile. Windows XP ilipoingia sokoni mwaka 2001, toleo la nyumbani liliuzwa Marekani kwa dola 199 na lile la ofisini dola 299. Mwaka 2003 dola moja ilikuwa imezidi kidogo shilingi 1,000, na pato la wastani la Mtanzania kwa mwaka mzima lilikuwa dola mia chache tu. Mwenye steshenari pale Mshindo, Iringa, tuseme anatoza shilingi 500 kwa ukurasa, angechapa zaidi ya kurasa 400 za barua za watu ili alipie windo peke yake, kabla hajanunua wino, na programu ya kuchapia bado.

Lakini chimbuko la mambo haya ni la zamani zaidi. Kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mahesabu ya Serikali yakaja kuvurugika, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Amri hiyo ililegezwa polepole miaka ya 1980. Kwa hiyo wakati wenzetu wa nje walipokuwa wakizoea kompyuta za mezani, na pamoja nazo desturi ya kulipia programu, sisi tulikuwa tukigonga taipureta. Zilipotufikia huku Nyanda za Juu Kusini, zilikuja na programu ndani yake, na aliyetaka nyingine alinakili flopi ya jirani. Katika ujana wangu sikumbuki kuona duka hata moja la Mbeya likiuza programu ndani ya boksi lake.

Sheria ilikuja. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda kitabu. Wanamuziki walipolia kuibiwa kaseti tulilia nao, nami nikiwemo, kwenye redio hii hii. Kisha nikarudi nyumbani kuandika maoni yangu kwa XP ya shilingi 5,000. Wala hatukuwa peke yetu: chama cha watengeneza programu, BSA, kilikadiria kwamba mwaka 2011 asilimia 78 ya programu zilizowekwa kwenye kompyuta nchini Kenya hazikuwa na leseni.

Je, mwenye mali alisemaje? Mwaka 1976 Bill Gates, akiwa kijana, aliwaandikia wapenzi wa kompyuta barua kali akiwaita wezi. Mwaka 1998, akizungumza katika Chuo Kikuu cha Washington kuhusu Wachina, alikuwa na lugha nyingine: kama lazima waibe, basi afadhali waibe cha kwetu, maana watazoea, na njia ya kuwatoza itapatikana baadaye.

Hapo ndipo penye uchungu, ndugu msikilizaji. Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Finland, ilikuwa ya bure na halali. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden, kilizindua Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya bure, tena kwa Kiswahili chetu. Watu walikaa wakatafuta maneno ya kila kitufe. Mimi sikuikuta kwenye steshenari yoyote ya Mbeya wala Iringa. Ya nini kuhangaika na cha bure halali, wakati cha wizi nacho ni bure na kila kozi ya kompyuta mjini inafundisha hicho hicho? Nathubutu kusema ni nakala za bandia, kuliko bei yoyote, zilizoinyima ile kazi ya Kiswahili nafasi.

Deni lenyewe hulipwa kwa njia nyingine. XP iliacha kupewa marekebisho ya usalama Aprili 2014, Windows 7 Januari 2020, na Windows 10 ilifikia kikomo chake tarehe 14 Oktoba 2025. Wengi wenye nakala za bandia huzima marekebisho hata kabla ya hapo, wakiogopa kugundulika, kisha flashi moja kutoka steshenari inatosha kufuta kazi ya mwaka mzima.

Juzi nimerudi Mwanjelwa na kompyuta ya mwanangu. Fundi ni kijana mwingine, na sidii siku hizi ni flashi. Nikamwuliza kama ana toleo la kumi na moja lenye leseni. Akaigeuza mashine, akasoma kibandiko cha chini, akatikisa kichwa.

"Bosi, kumi na moja haiingii humu, mashine ya zamani hii. Nikupigie kumi?"