Ndege ya kichwa bluu na bibi wa gavana

Wandugu, mniruhusu leo niweke muhogo na maharagwe pembeni, niongee juu ya ndege.

Wakati wa memwari yangu ya lisansi nilikuwa napima mashamba ya maharagwe kandokando ya pori ya Kahuzi-Biega. Asubuhi moja, mzee aliyekuwa anatuonyesha mipaka alisimama, akanyoosha kidole kwenye maua. Kulikuwa kandege kadogo: kichwa na kifua vinang'aa bluu, mgongo kijani iliyofifia, tumbo kijivu ya kuelekea nyeusi. Mi nikajidai: «Mzee, hiyo ni Cyanomitra alinae.» Akacheka sana. «Huyo Alina ni binti ya nani hapa kwetu?»

Sikuwa na jibu. Hii andiko ndiyo jibu, hata kama limechelewa.

Tuanze na ndege yenyewe. Iko ya jamaa ya chozi, zile ndege ndogo za mdomo mrefu wa kupinda zinazonyonya utamu wa maua na kukamata wadudu na buibui. Kwa Kifaransa ni souimanga à tête bleue. Duniani kote inapatikana tu kwenye milima yetu hii: Ruwenzori, Virunga, Kahuzi, Itombwe mpaka Kabobo, na ng'ambo kwa majirani wa Uganda, Rwanda na Burundi. Inapenda pori ya baridi, kuanzia karibu mita 1300 mpaka zaidi ya 3000. Dume na jike zinafanana. Dume ndiyo iko na vishungi vya manjano kando ya kifua. Ukiona ingine ya kufanana nayo kwenye maua ya parseli yako Bukavu, usifurahi haraka: mara nyingi ni ndugu yake ya kichwa kijani, ambaye kichwa chake kinageuka bluu kufuatana na jua.

Na hiyo bluu ni ya ajabu. Ndani ya unyoya hamna rangi ya bluu hata kidogo. Unyoya umejengwa kwa matabaka madogo sana, mwanga ukigonga pale unarudi bluu. Ndege ikigeuka kidogo, kichwa kinakuwa cheusi. Ndiyo sababu siku ile niliiona mara mbili kama ndege mbili tofauti.

Sasa jina. Cyanomitra ni Kigiriki: kyanos ni bluu, mitra ni kitambaa cha kufunga kichwani. Mpaka hapo sawa, ndege inaelezwa vile iko. Lakini alinae? Mwaka 1904, Mwingereza Frederick Jackson, mtumishi wa serikali ya kikoloni, aliandika maelezo ya kwanza ya kisayansi ya hii ndege, kutoka milima ya Ruwenzori. Akaipa jina la bibi yake, Aline. Baadaye, toka 1911 mpaka 1918, Jackson alikuwa gavana wa Uganda. Ndiye huyo Alina, mzee wangu. Si binti wa hapa.

Tukumbuke 1904 ilikuwa mwaka gani. Upande wetu wa ile milima ulihesabiwa kuwa mali ya Léopold II, na katika sehemu nyingi za nchi watu walikuwa wanalazimishwa kuleta mpira. Ardhi, mlima, mtu, ndege: vyote vilikuwa vinapewa majina mapya kwa wakati moja.

Ukifungua kitabu utaona imeandikwa Cyanomitra alinae (Jackson, 1904). Sisi wa agronomia yale mabano tunayajua, sawa vile tunaandika Colocasia esculenta (L.) Schott. Maana yake mwandishi wa kwanza aliiweka kwenye jenasi ingine, halafu wengine wakaihamisha. Jenasi inaweza kubadilika. Lile jina la pili, alinae, linabaki.

Lakini nisiseme kwamba sayansi ilifuta kila kitu. Lile neno souimanga Wafaransa walilichukua kwa Kimalagasi, na kwa Kimalagasi manga ni bluu. Watu wa kisiwa waliitaja ndege yao, na jina lao likavuka bahari mpaka kwenye vitabu vya Paris. Na hapa kwetu, Alexandre Prigogine, mtu wa migodi aliyeishi miaka mingi Kamituga, kaka ya yule Ilya aliyepata Nobel ya kemia mwaka 1977, alichunguza sana ndege za Itombwe. Alipoona kwamba wale wa mlima Kabobo wanatofautiana kidogo na wengine, akawaita kaboboensis. Jina la mlima wetu, lilivyo. Kumbe iliwezekana.

Basi kosa ni la nani? Miaka mingi ningejibu: la wakoloni. Leo siwezi kusema hivyo peke yake. Kwa sababu siku ile, mzee alipomaliza kucheka, aliniambia jina la ile ndege kwa lugha yake, na kwa nini inaitwa hivyo. Nilikuwa na kaye mkononi. Niliandika idadi ya mimea kwa mita ya mraba, niliandika madoa kwenye majani, nikaandika Cyanomitra alinae. Jina lake sikuandika. Nilijiambia nitauliza kesho.

Mwaka uliofuata nilirudi pale. Mzee alikuwa amekwisha kufa. Watoto wake wakanijibu: «Ile? Ni kandege tu.»

Jackson alimpenda bibi yake na akaandika. Mi nilipewa jina bure, na kalamu nilikuwa nayo. Hivi wandugu, mkienda kwenye staji, mkienda kwenu kijijini, jina la Kilatini mtalikuta kitabuni hata kesho kutwa. Lile la mzee mliandike kwanza.