Katiba ya kikundi kwenye simu yako: jinsi ya kuweka na kutumia Pandoc

Vikundi vingi katika milima ya Usambara, viwe vya wakulima wa viazi na karoti, vya kuweka na kukopa au vya watumiaji wa mfereji mmoja wa maji, vina tatizo linalofanana. Katiba yao ilichapwa steshenari mjini, faili likabaki kwenye kompyuta ya steshenari, na kikundi kikaondoka na karatasi. Miaka mitatu baadaye mkutano unaamua kubadili kifungu kimoja. Katibu anapanda gari hadi Lushoto au Soni na kukuta kompyuta ilishabadilishwa na faili halipo. Katiba inachapwa upya, ukurasa kwa ukurasa, na hapo kiwango cha faini kinakosewa au mstari mmoja unarukwa. Kuanzia siku hiyo kikundi kina katiba mbili.

Hilo si jambo dogo. Mwanachama anapodai hisa zake, kila upande unashika nakala yake. Kikundi kinapoomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani unaogawiwa wanawake asilimia 4, vijana asilimia 4 na watu wenye ulemavu asilimia 2, katiba ni miongoni mwa nyaraka zinazohitajika. Ofisi moja inataka faili la Word, nyingine inataka PDF, na kila safari ina nauli yake.

Makala hii inaeleza njia ya kuweka nakala ya msingi mikononi mwa kikundi chenyewe, ndani ya simu, na kuigeuza kuwa faili la aina yoyote inayotakiwa. Kikundi kizima kinahitaji simu janja moja tu ya Android.

Maandishi matupu

Faili la Word lina maneno yako pamoja na mambo mengine mengi yasiyoonekana: ukubwa wa herufi, nafasi, rangi na mpangilio. Ndiyo maana likifunguliwa kwenye simu nyingine linaweza kuonekana limevurugika. Faili la maandishi matupu lina maneno peke yake. Ni dogo sana, linafunguka kwenye karibu simu na kompyuta yoyote, na sehemu yake unaweza kuinakili na kuituma hata kwa SMS, ikasomwa na mwanachama mwenye kitochi.

Lakini katiba inahitaji vichwa vya habari na orodha. Hapo inatumika Markdown, mtindo wa kuandika uliotolewa na John Gruber mwaka 2004, ambamo alama chache za kawaida zinaonyesha kipi ni kichwa na kipi ni orodha. Programu inayosoma alama hizo na kutengeneza faili la Word, ukurasa wa tovuti au kitabu cha kielektroniki inaitwa Pandoc. Aliianzisha John MacFarlane, profesa wa falsafa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2006.

Pandoc ni programu huria. Hailipiwi, na yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuichunguza na kumpa mwenzake. Jambo hili si geni Tanzania. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi kwa Kiswahili.

Kuiweka kwenye simu

Pandoc haina picha wala vitufe. Unaiandikia amri, nayo inatenda. Kwenye Android inakaa ndani ya programu nyingine huria iitwayo Termux.

1. Fungua tovuti ya f-droid.org, tafuta Termux na uipakue. Simu itakuuliza kama unaruhusu kuweka programu kutoka nje ya duka la Google. Ruhusu kwa kazi hiyo, kisha unaweza kuondoa ruhusa. Usikubali faili la Termux ulilotumiwa na mtu kwa WhatsApp, kwa sababu huwezi kujua limechezewa kiasi gani.

2. Fungua Termux. Utaona ukurasa mweusi. Andika amri hii, kisha bonyeza kitufe cha kuingiza:

`pkg update`

3. Ikimaliza, andika:

`pkg install pandoc`

Kabla ya kupakua, itakuonyesha ni megabaiti ngapi zinahitajika na itasubiri ujibu. Soma namba hiyo kwanza, maana Pandoc ni nzito na bando linaweza kukatika katikati. Ukiridhika, bonyeza herufi Y. Baada ya hapo huhitaji intaneti tena. Pandoc inafanya kazi hata mahali pasipo na mtandao.

4. Ruhusu Termux ifikie mafaili ya simu:

`termux-setup-storage`

Kwenye kompyuta ya shule au ya ofisi ya kata kazi ni rahisi zaidi. Kwa Windows, pakua Pandoc kutoka tovuti ya pandoc.org. Kwa Ubuntu, andika `sudo apt install pandoc`. Amri za kugeuza mafaili utakazoziona hapa chini zinabaki zilezile.

Kuandika katiba

Ingia kwenye folda ya Download, kisha ufungue faili jipya:

`cd ~/storage/downloads`

`nano katiba.md`

Andika maneno yako. Kama rasimu mlishaijadili kwenye kundi la WhatsApp, inakili huko, kisha bonyeza na kushikilia kwenye ukurasa wa Termux na uibandike. Mfano mfupi ni huu:

```
% Katiba ya Kikundi cha Mfano

# Sehemu ya Kwanza: Jina

Jina la kikundi ni Kikundi cha Mfano.

# Sehemu ya Pili: Uanachama

Mwanachama atapaswa:

1. kuwa na umri wa miaka 18 au zaidi;
1. kulipa kiingilio;
1. kuhudhuria mikutano.
```

Alama ya asilimia kwenye mstari wa kwanza inaonyesha jina la waraka. Alama ya reli ni kichwa cha sehemu. Nyota mbili kila upande zinakoleza maneno. Namba za orodha zote zimeandikwa 1 kwa makusudi: Pandoc itazipanga yenyewe kuwa 1, 2, 3. Ukiongeza sharti jipya katikati, zilizobaki zinajisogeza. Ila kama mahali pengine uliandika "tazama sharti la 3", maneno hayo hayajirekebishi. Yapitie wewe mwenyewe.

Kuhifadhi, bonyeza CTRL kwenye safu ya vitufe vya Termux, kisha herufi O, kisha kitufe cha kuingiza. Kutoka, bonyeza CTRL na herufi X.

Kugeuza

Kupata faili la Word:

`pandoc katiba.md -o katiba.docx`

Kupata ukurasa wa tovuti:

`pandoc katiba.md -s -o katiba.html`

Kupata kitabu cha kielektroniki cha kusomea kwenye simu:

`pandoc katiba.md -o katiba.epub`

Faili jipya litakuwa kwenye Download, tayari kutumwa au kuchapishwa. Kwa PDF, Pandoc inahitaji programu nyingine nzito ya kuisaidia. Njia nyepesi ni kutengeneza faili la Word kwanza, kulifungua kwa programu ya ofisi iliyo kwenye simu, kisha kulihifadhi kama PDF.

Kama mnataka muonekano wenu, mfano herufi za aina fulani, mpeni mtu anayejua Word faili lililotengenezwa na Pandoc, abadilishe mitindo ya vichwa na aya, kisha alihifadhi kwa jina mfano.docx. Baada ya hapo kila waraka utafuata sura hiyo:

`pandoc katiba.md --reference-doc=mfano.docx -o katiba.docx`

Kurudisha waraka wa zamani

Kama steshenari bado wana faili lenu la Word, liombeni leo. Liwekeni kwenye Download, lipeni jina fupi lisilo na nafasi, kisha:

`pandoc zamani.docx -o katiba.md`

Faili la Word la zamani lenye mkia wa .doc halitasomeka, linahitaji kwanza kuhifadhiwa upya kama.docx. Pandoc pia haisomi PDF wala picha ya karatasi. Katiba iliyobaki karatasi tupu itabidi ichapwe upya, safari hii kwa mara ya mwisho. Mmoja asome kwa sauti, mwingine aandike, wa tatu afuatilie kwenye karatasi.

Makosa yanayojitokeza mara nyingi

Orodha kugeuka aya moja ndefu. Acha mstari mtupu kabla ya orodha na kabla ya kila kichwa.

Mistari ya anwani kuungana. Pandoc huunganisha mistari iliyofuatana. Weka alama ya mkwaju wa nyuma, `\`, mwisho wa kila mstari unaotaka ukatike hapo.

Nafasi ya sahihi kupotea. Mistari ya chini iliyoandikwa peke yake hugeuka kuwa mstari mmoja wa kugawa ukurasa. Andika neno Sahihi, kisha nukta nyingi.

Kuambiwa faili halipo. Hakikisha umeingia kwenye folda ya Download na kwamba herufi kubwa na ndogo ziko sawasawa. Katiba.md na katiba.md zinaweza kuhesabiwa kuwa majina mawili tofauti.

Maneno ya Kisambaa kubadilika. Pandoc haigusi tahajia yako. Anayebadilisha ni kibodi ya simu, inayojifanya kukusahihisha. Zima usahihishaji huo kwenye mipangilio kabla ya kuandika majina ya vitongoji, ya mimea au simulizi za wazee.

Nakala moja ya msingi

Programu peke yake haitazuia katiba mbili. Kinachozuia ni utaratibu, na kikundi kinaweza kuupitisha kwenye mkutano mmoja.

Kwanza, faili lenye mkia wa .md ndilo la msingi. Word na PDF ni nakala za kutolea nje. Afisa maendeleo ya jamii akisahihisha kwenye Word, masahihisho yaingizwe kwenye faili la msingi, kisha ligeuzwe tena. Kumbuka kuwa Pandoc hufuta faili la zamani lenye jina lilelile bila kuuliza. Aliyerekebisha Word pekee atapoteza kazi yake siku ya kugeuza.

Pili, mabadiliko yakishapitishwa, hifadhi nakala yenye tarehe ya mkutano kwenye jina lake, mwaka ukianza, kisha mwezi, kisha siku. Mafaili yatajipanga yenyewe kwa mfuatano, na yeyote ataweza kuona kifungu kilikuwa kinasemaje kabla ya mkutano fulani.

Tatu, faili likae kwa watu wasiopungua watatu: mwenyekiti, katibu na mwanachama mmoja asiye kiongozi. Simu huanguka mfereji, huibiwa, na hufa betri. Usihifadhi chochote ndani ya Termux yenyewe, kwa sababu ukiiondoa kwenye simu, vilivyomo vinaondoka nayo.

Nne, orodha ya wanachama yenye namba za simu, za vitambulisho na za hisa iwe faili la peke yake. Katiba inaweza kusomwa na kila mtu. Orodha hiyo si ya kusambazwa kwenye makundi.

Utaratibu huohuo unafaa kwa mihtasari ya mikutano, ratiba ya zamu za maji, sheria ndogo za kutunza chanzo cha maji na maelekezo ya kilimo cha matuta. Anza na waraka mmoja mfupi, kama muhtasari wa mkutano uliopita, hadi mkono uzoee. Kisha ingia kwenye katiba, isomwe yote mbele ya wanachama, na sahihi ziwekwe kwenye nakala iliyochapishwa kutoka faili lenu wenyewe.